Matokeo ya Darasa la Saba Huanzia Darasa la Kwanza



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, ofisi yetu hupokea barua na simu za aina moja. Kamati ya parokia fulani inaeleza kwamba shule ya msingi ya kijijini imefanya vibaya, wazazi wamekata tamaa, na inaomba msaada. Mara nyingi ombi lenyewe huwa limekwisha kuandaliwa: chumba kimoja cha darasa, madawati, au fedha za kuwaweka watahiniwa wa darasa la saba kambini kwa miezi michache kabla ya mtihani. Maombi hayo tumeyapokea kwa miaka mingi na mengi tumeyatekeleza kwa michango ya waamini na ya wafadhili wa ndani na nje. Yapo madarasa mazuri yenye sakafu ya saruji na jina la mfadhili ukutani ambayo tunayaonea fahari mpaka leo.

Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini msaada wa namna hiyo, pamoja na uzuri wake, haujawafanya watoto wetu wa kanda ya kati wajue kusoma na kuhesabu, na kwa nini tunaziomba kamati zifikiri upya kabla ya mavuno. Hatuandiki ili kuwalaumu walimu wala wazazi. Kama kuna lawama, sehemu yake ni yetu, kwa kuwa ndio tulioidhinisha maombi hayo.

Asilimia inayopanda

Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania Bara walikuwa takriban asilimia 31. Mwaka uliofuata walifika asilimia 50.6, kiwango kikaendelea kupanda, na mwaka 2024 kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Anayetazama namba hizi peke yake anaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini kufaulu ni kupata daraja A, B au C, na daraja C huweza kupatikana na mtoto aliyekosa zaidi ya nusu ya maswali. Tena, katika swali la kuchagua jibu moja kati ya matano, asiyejua kitu kabisa ana nafasi moja kati ya tano ya kupata kwa kubahatisha. Mapema mwaka 2012 serikali yenyewe ilieleza kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watoto hao walikuwa wamefaulu.

Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ilitolewa na utafiti wa Uwezo, ulioanza kufanyika nchini mwaka 2010. Watafiti hawakwenda kusahihisha mitihani. Walikwenda nyumbani kwa watoto wakiwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakawaomba waisome. Katika watoto wa darasa la tatu, ni takriban watatu tu kati ya kumi walioweza kuisoma kwa Kiswahili. Katika darasa la saba, mmoja kati ya watano alishindwa hadithi hiyo hiyo. Taarifa za miaka iliyofuata zilionyesha jambo ambalo kila mwanakamati analijua bila kuambiwa: watoto wa kaya maskini na watoto wa vijijini walikuwa nyuma ya wenzao.

Mtoto asiyejua kusoma anapofika mwisho wa darasa la pili huwa amekwisha kuachwa, ingawa hakuna anayemwambia. Kuanzia darasa la tatu kila somo linasomwa: sayansi inasomwa, hata hesabu inaandikwa kwa maneno. Mtoto huyu hukaa kimya na kunakili yaliyo ubaoni. Tumekutana na watoto wa namna hii katika shule moja ambayo tuliijengea vyumba viwili. Tulipowaomba wanafunzi wa darasa la nne watusomee kutoka katika madaftari yao wenyewe, baadhi ya wenye madaftari safi kuliko yote hawakuweza kusoma hata mstari mmoja. Walikuwa wakichora herufi. Mwalimu wao alikuwa amesahihisha na kuweka vema, kwa sababu kilichokuwa ubaoni ndicho kilichokuwa daftarini.

Kumpeleka mtoto huyo kambini miaka mitatu baadaye ni sawa na kumwagilia mti uliokauka mizizi. Na sasa kuna sababu mpya ya kuharakisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepanga elimu ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mitaala mipya ilianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Kwa mpango huo, mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza yanamaliza pamoja, na baada ya hapo mtihani wa kuwachuja wanaokwenda sekondari unaondoka. Tunaliunga mkono jambo hilo, kwa kuwa chujio lile liliwaumiza zaidi watoto wa maskini. Lakini maana yake ni kwamba mtoto asiyejua kusoma atavuka hadi kidato cha kwanza bila kuonekana na mtu, na huko atafundishwa kwa Kiingereza.

Tulivyofika hapa

Wazee watakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyokusudiwa kufikiwa mwaka 1977. Miaka michache iliyofuata karibu watoto wote wenye umri wa kwenda shule walikuwa wameandikishwa. Kisha uchumi ukayumba, wazazi wakaanza kuchangia, na katika miaka ya tisini watoto wengi walibaki nyumbani. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, ambayo rasmi ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa karibu milioni 4.4 mwaka 2000. Kufikia mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7.5. Hakuna nchi inayoweza kuwapokea watoto milioni tatu zaidi katika miaka mitano bila madarasa kufurika. Baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016, na darasa la kwanza likafurika tena.

Kwa hiyo tunapoona watoto mia moja na zaidi katika darasa moja la kwanza, wakati lengo la serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tujue kwamba tunaona matunda ya jambo jema. Watoto hao zamani wasingekuwa shuleni kabisa.

Tatizo ni fedha zinazowafuata. Mwanzoni mwa MMEM ilikubalika kwamba kila mwanafunzi apatiwe ruzuku inayolingana na dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa takriban shilingi 10,000. Shilingi hizo 10,000 zilibaki 10,000 kwa miaka mingi, huku bei ya chaki na karatasi ikipanda. Utaratibu ulioanza mwaka 2016 ulipeleka shilingi 6,000 moja kwa moja shuleni, na 4,000 zikabaki kwa ajili ya vitabu. Ukigawanya 6,000 kwa miezi kumi na miwili unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye wanafunzi 400 hupata shilingi 200,000 kwa mwezi za chaki, karatasi, mitihani, michezo, bawaba ya mlango uliong'oka na kila kitu kingine. Ni kweli kwamba fedha hizo zimekuwa zikifika kwa utaratibu mzuri kuliko zamani. Hata hivyo shilingi 500 ni bei ya maandazi machache tu.

Chakula hakimo katika ruzuku hiyo. Mzazi ndiye anayebaki na sare, viatu, madaftari, kalamu na chakula cha mchana. Nyaraka za serikali zimekataza mtoto kufukuzwa shule kwa sababu mzazi hajachanga, na agizo hilo ni jema. Lakini waraka hauwezi kumtia mtoto uji tumboni.

Saa nne asubuhi

Tufuate siku ya mtoto wa miaka saba katika kijiji cha Bahi, Chamwino au Mpwapwa mwezi wa Februari. Mvua imeanza, shamba halijakomaa, na ghala la nyumbani liko karibu tupu. Hii ndiyo miezi ya njaa katika mkoa wa Dodoma. Mtoto amekula ugali jana saa mbili usiku. Alfajiri anaamka, anaondoka bila kula, anatembea kilometa tatu, nne au tano, wakati mwingine akiwa na ndoo ya maji ya shule kichwani. Ifikapo saa nne asubuhi amekaa saa kumi na nne bila chakula. Mwalimu wa darasa la kwanza atakuambia kwamba kabla ya saa nne watoto wanaitikia, na baada ya hapo wengine wanalala juu ya dawati. Wengine wakitoka mapumziko hawarudi kabisa, wanakwenda kutafuta matunda porini.

Tusichanganye mambo mawili hapa. Udumavu ni hasara ya siku elfu moja za mwanzo wa maisha, tangu mimba hadi miaka miwili, na uji wa shuleni hauwezi kuurudisha nyuma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hilo linahitaji kazi nyingine, na kina mama wa vikundi vyetu vya lishe wanaifanya. Njaa ya siku kwa siku ni kitu tofauti. Hiyo uji huiondoa asubuhi hiyo hiyo, na pia humpa mtoto sababu ya kuja shule kesho.

Baada ya njaa inakuja kazi. Mtama na uwele vinapoanza kukomaa, watoto wanahitajika kuamia ndege, maana kundi la kweleakwelea likitua shambani linaweza kumaliza chakula cha kaya kwa siku chache. Mzazi anayemtoa mtoto shule wiki mbili kulinda shamba anafanya hesabu ambayo hata sisi tungeifanya. Wafugaji nao wana ng'ombe wa kuchungwa, na msichana wa miaka tisa ana mdogo wake wa kumbeba mgongoni. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umeweka sharti kwamba watoto wa kaya zinazopokea ruzuku wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na sharti hilo limesaidia mahudhurio kuzungumzwa nyumbani. Lakini kaya nyingi zenye shida hazimo katika mpango huo.

Lugha nayo haitajwi sana, labda kwa kuwa sote tunajivunia Kiswahili. Mtoto wa Kigogo, wa Kisandawe kule Chemba, wa Kirangi kule Kondoa au wa Kimaasai anaweza kufika darasa la kwanza akiwa hajawahi kuzungumza Kiswahili na mtu. Anatakiwa ajifunze lugha na herufi kwa pamoja, katika kundi la watoto mia moja, akiwa na njaa. Wapo wanaochukua mwaka mzima kuelewa tu kile mwalimu anachoagiza.

Fedha peke yake hazifundishi

Wafadhili wetu wamekuwa wakituuliza: basi, si tuongeze fedha shuleni? Swali hilo lilipimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya ziada ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: ruzuku peke yake haikuinua uelewa wa watoto baada ya miaka miwili. Bakshishi peke yake ilileta mabadiliko madogo ambayo hayakuonekana kila mahali. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopiga hatua ya kweli.

Sisi hatupendekezi kuanza kulipa bakshishi kwa walimu. Parokia haina uwezo huo, na suala la mishahara na motisha ni la mwajiri. Tulichojifunza ni kwamba vitu bila mtu anayejua kuwa macho yote yako kwenye darasa la kwanza havibadilishi kitu. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitembelea shule za msingi bila taarifa, na karibu nusu ya walimu hawakukutwa darasani wakati wa kipindi, ingawa wengi wao walikuwepo shuleni. Ni rahisi kukasirika ukisikia hivyo. Lakini mkae na walimu muwasikilize. Mwenye darasa la watoto 120 hawezi kupita katikati ya madawati. Hana vitabu vya kutosha, wanafunzi wake hawasikii Kiswahili, na hakuna mzazi wala mkaguzi aliyewahi kumuuliza wangapi wanajua kusoma. Anayeulizwa ni mwalimu wa darasa la saba. Ndiyo maana walimu hodari hupelekwa darasa la saba, na darasa la kwanza huachiwa aliyeripoti juzi au anayekaribia kustaafu. Hata sisi katika ziara zetu tulikuwa tukiomba kuonyeshwa matokeo ya darasa la saba kwanza.

Serikali imechukua hatua hapa. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili ulianza mwaka 2015, na walimu wengi walipewa mafunzo. Mwaka 2021 na 2022, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, vyumba 3,000 vilijengwa katika shule shikizi, jambo lililowapunguzia watoto wengi mwendo. Kwa hiyo jengo si hitaji la kwanza tena katika kila kijiji, ingawa vipo vijiji ambako bado ni hitaji.

Debe moja na robo

Sasa hesabu ya chakula, maana hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Tukikadiria gramu 120 za nafaka kwa mtoto kwa siku, mtoto mmoja anahitaji kilo 23 na kidogo kwa mwaka, yaani debe moja na robo hivi kwa debe la kilo 18. Maharage kwa gramu 30 ni karibu kilo sita. Shule ya watoto 400 inahitaji magunia 93 ya nafaka na 23 ya maharage, kwa gunia la kilo 100. Ni mzigo, lakini si mlima.

Ugumu uko katika mambo mengine. Kwanza ni wakati wa kukusanya. Shule nyingi huitisha mchango Januari, shule zinapofunguliwa, wakati mzazi hana kitu na bei sokoni iko juu. Mchango huo ungekusanywa Juni na Julai, mavuno yakiwa uani, debe hilo hilo lingetoka bila ugomvi. Tena tuache kung'ang'ania mahindi. Katika ukame wa Dodoma mahindi hukauka mwaka mmoja kati ya michache, lakini mtama na uwele hustahimili, na uji wa uwele wenye karanga ni chakula kizuri kuliko uji mweupe wa sembe. Mwenye mtama apokewe mtama wake.

Pili ni utunzaji. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nafaka ya shule ikikusanywa mbichi, ikarundikwa sakafuni, tunaweza kuwadhuru watoto tuliotaka kuwasaidia. Ikaushwe vizuri kwenye turubai na si juu ya udongo, punje zilizooza na kubadilika rangi zitolewe, ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja. Hapa fedha kidogo ya mfadhili ina kazi kubwa kuliko katika ukuta mwingine wa darasa.

Tatu, ni nani anakula. Katika shule kadhaa tulizotembelea chakula kilikuwepo, lakini kilipikwa kwa ajili ya darasa la saba na la nne, kwa sababu wana mitihani ya taifa. Katika nyingine kilipikwa makande yaliyoiva saa saba mchana, wakati watoto wa awali, wa darasa la kwanza na la pili walikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wanaohitaji zaidi ndio waliokosa. Maoni yetu ni kwamba uji wa saa nne kwa madarasa ya chini uanze kabla ya makande ya mchana kwa madarasa ya juu, kama uwezo hautoshi vyote. Uji huiva upesi, hula kuni chache, na humkuta mtoto kabla hajalala. Tunajua baadhi ya kamati hazitakubaliana nasi, na tuko tayari kubishana.

La mwisho ni gumu kulisema. Tuliwahi kufika shule moja wakati wa chakula tukakuta watoto wamesimama mstari na vikombe, na kando chini ya mti wamekaa wengine kama ishirini, wakitazama upande mwingine. Tulipouliza tukaambiwa, wazazi wao hawakuchanga. Hakuna aliyewafukuza shule, kwa hiyo hakuna waraka uliovunjwa. Baadhi yao walikuwa wajukuu wanaolelewa na bibi zao. Wenye watoto watatu shuleni wanatakiwa watoe karibu kilo 70 za nafaka. Kwa kaya iliyovuna magunia matano tu, hiyo ni moja ya saba ya mavuno yote. Bibi yule hakugoma. Hakuwa nacho.

Mwalimu mkuu alijitetea kwamba akiwapa wale, waliochanga watasusa mwaka ujao. Hoja yake ina uzito, wala hatumdharau. Jibu ni kwamba sehemu ya wasio na uwezo ilipwe na mtu mwingine, tena kwa uwazi, kabla sufuria haijapanda mekoni. Hapo ndipo parokia inapoweza kufanya jambo ambalo shule haiwezi. Jumuiya ndogo ndogo zinajua nani hana na nani anajificha. Zinaweza kuandika majina ya kaya kwa haki kuliko ofisi yoyote, ya waamini wetu na ya Waislamu na ya wasio na dini, kwa kuwa shule ni ya kijiji kizima.

Tunachoziomba kamati

Kuanzia maombi yajayo, mfuko wetu wa elimu utaipa kipaumbele parokia itakayokuja na mpango uliokubaliwa na kamati ya shule na serikali ya kijiji, si na padre na mwenyekiti peke yao. Wengi wenu ni wajumbe wa kamati ya shule, hivyo mkutano mmoja waweza kutosha. Mpango ueleze uji wa madarasa ya chini utaanza lini, nafaka itakusanywa mwezi gani, itahifadhiwa wapi, na kaya zisizoweza kuchanga ni ngapi. Mfuko utachangia sehemu ya kaya hizo, pamoja na mifuko, vichanja na sufuria. Nafaka ya wanaoweza haitatoka kwetu. Hatutachangia shule ambako mtoto aliyeandikishwa ananyimwa kikombe, na hatutachangia mahali ambapo wasichana wanatolewa darasani kwenda kuchota maji ya jiko.

Kuhusu lugha na utayari, tunaomba kamati zitazame vigango vyao. Katika vijiji vingi kanisa la kigango liko karibu na makazi kuliko shule, na siku za kazi hukaa tupu. Mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofanya programu ya utayari wa shule chini ya mradi wa EQUIP-T, ambapo vijana waliochaguliwa na jamii yao waliwaandaa watoto kwa majuma machache kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi, nyimbo na michezo ya Kiswahili. Mradi huo ulifikia mwisho, lakini baadhi ya vijana hao bado wako vijijini. Watafuteni. Darasa la namna hii lisichukue nafasi ya darasa la awali la shule; liwasaidie wale walio mbali nalo, na mwalimu mkuu ajue kinachofanyika.

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Mnapokwenda shuleni, msianze na ofisi ya darasa la saba. Ombeni kukaa nusu saa katika darasa la pili, na kwa ruhusa ya mwalimu waombeni watoto kumi, waliochaguliwa bila kupangwa, wasome aya moja. Andikeni ni wangapi wameweza. Mrudi baada ya miezi sita mkafanye vivyo hivyo. Mwalimu wa darasa hilo aambiwe asante mbele ya wazazi wote pale namba inapopanda, na kama haijapanda aulizwe anahitaji nini, kwa faragha.

Kwa wafadhili wetu: tunajua kwamba uji hauna ukuta wa kuandikwa jina, na picha ya sufuria haivutii kama picha ya jengo jipya. Waliokwisha kutoa kwa ajili ya majengo, majengo hayo yatakamilishwa kama ilivyoahidiwa. Wanaopenda mchango wao ujao uende kwenye kaya zisizoweza watuandikie hivyo, nasi tutatoa taarifa kwa idadi ya watoto waliokula, siku walizokula, na watoto wangapi kati ya kumi walioweza kusoma.

Fomu za mpango zinapatikana kwa makatibu wa parokia. Zirudishwe kabla mavuno hayajaanza kuuzwa. Kamati zenye ghala ziandike linabeba magunia mangapi na kama paa linavuja. Zisizo na ghala ziandike hivyo, ili tuone ni parokia zipi jirani zinaweza kutunziana nafaka mwaka huu.